Mke Wangu Asema Sipendi Kazi, Napenda Kuanza

Barua ya juma hili imetoka kisiwani Lamu. Aliyeiandika ameomba jina lake lisitajwe, nasi tumeondoa machache ambayo yangemfichua kwa majirani, maana mji wenyewe ni mdogo.

BARUA

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sanaa, mwanamume wa miaka 39. Kwetu ni Malindi, lakini huu ni mwaka wa tano nafundisha Lamu. Mke wangu na watoto watatu wako Malindi. Nawaendea shule zikifungwa, na mwisho wa mwezi mara mojamoja nauli ikiruhusu. Nimesitasita kukuandikia kwa sababu shida yangu ikisemwa kwa sauti inachekesha. Wenzangu wana shida za madeni na za muguka. Yangu mimi ni kwamba napenda mno kujifunza kazi za mikono.

Ilianza na ukili, ule utepe wa miyaa unaosukwa kutengenezea mikeka. Mwaka wa kwanza nilipanga chumba Langoni, na mama mwenye nyumba alikuwa akisuka uani kila siku baada ya alasiri. Nikawa nakaa karibu yake nikisahihisha madaftari. Siku moja nikamwomba anionyeshe. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso, kwa kuwa miyaa ni kazi ya wanawake na mimi nina ndevu. Lakini alinifundisha: kuchana kwa ukucha, kuroweka, kuanzisha kwa chane chache kisha kuongeza, kukaza bila kukata. Ukili wangu wa kwanza ulipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Nikaupeleka darasani hivyo hivyo.

Hapo ndipo nilipopata ugonjwa wangu. Kulikuwa na mtoto wa kike ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kuinua mkono. Michoro yake alikuwa akiifunika kwa kiwiko nisiione. Alipouona ule ukili wangu alitoka kwenye dawati, akaunyakua, akaufumua kama robo yake na kuusuka upya, darasa zima kimya. Kisha akaniambia, "Mwalimu, hapa ulikuwa unaruka jani." Kumbe kwao wanasuka tangu bibi yake. Kutoka siku hiyo alikuwa mtoto mwingine, na mimi nikawa mwalimu mwingine. Niligundua kwamba ninapokuwa mjinga wa jambo fulani mbele ya wanafunzi, nao wanaruhusiwa kuwa wajinga wa mambo yao bila kuona haya.

Basi nikaendelea. Baada ya ukili nikaingia kofia. Jirani mmoja hushona kofia za vito, akanipa kitambaa na sindano na uvumilivu wake. Nilimaliza mkanda wa kuzunguka, tundu moja baada ya jingine, miezi minne. Kipande cha juu sikukigusa. Likizo moja ya Aprili nikapanda mashua kwenda Siyu kwa mafundi wa ngozi, nikajifunza kushona makubadhi. Nilirudi na kiatu kimoja, cha kushoto. Halafu batiki, ambayo iliharibu sufuria mbili za mke wangu kwa nta na rangi. Zote hizo nilizifundisha shuleni, na watoto walizipenda. Lakini chumbani kwangu, chini ya kitanda, kuna gunia la vitu ambavyo havijawa vitu.

Mwezi wa nane nilipokwenda nyumbani na gunia jingine, mke wangu alikuwa akipika nje, akaniangalia nikishusha, akasema, "Wewe hupendi kazi. Wewe wapenda kuanza." Kisha akaelekeza mwiko kwenye jiko la nje nililoanza kujenga mwaka 2021, ambalo kuta zake zimefika kwenye linta zikasimama. Sikuwa na jibu. Mama mkwe naye, aliyekuwa amekaa kibarazani, akamalizia kuwa mshika mbili moja humponyoka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mwaka na nusu uliopita nilianza kwenda kwa mzee mmoja mchonga nakshi. Kila Jumamosi asubuhi nipo kwenye karakana yake. Hiki ndicho kitu nilichokaa nacho muda mrefu kuliko vyote. Alinianzisha kwa kunoa patasi tu, majuma matatu, hata ubao sikupewa. Kisha bikari na mstari. Kisha mnyororo wa pembeni. Sasa nachonga waridi, na siku nyingine linatoka vizuri hata yeye hupitisha kidole gumba juu yake bila kusema neno, ambayo kwake ni sifa kubwa. Ana wana wawili, mmoja Mombasa na mwingine Ghuba. Hakuna anayeshika patasi.

Miezi mitatu iliyopita aliniita. "Ndoo hapa, mwalimu. Mato yangu yameingia ukungu." Alikuwa amepokea kazi ya ubao wa juu wa mlango, wa mbambakofi, wenyewe wanautaka kabla ya Maulidi ya mwezi wa Mfungo Sita. Akaniambia nichonge upande wa kushoto, yeye achonge wa kulia kwa kupapasa. Jioni yake, barazani, mbele ya wazee wenzake, alinishika bega akasema, "Huyu ndiye atakayekaa hapa." Na alinipa patasi iliyokuwa ya babake. Mpini wake una bonde la kidole gumba cha mtu niliyemkuta hayupo. Bi Mshauri, sijaitumia hata siku moja. Nimeifunga kwa karatasi ya nailoni ya mkate, iko chini ya kitanda pamoja na lile gunia.

Kwa nini? Kwa sababu wiki hiyo hiyo nilipita mtaa wa Mkomani nikaona mafundi wakikarabati nyumba ya kale, mmoja amepiga magoti akikata nakshi za chokaa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, plasta bado mbichi. Nilisimama pale mpaka adhana ya magharibi. Tangu hapo nikilala naota chokaa. Naijua hali hii, ndivyo inavyoanza kila mara.

Nifanyeje? Nikimwacha mzee, nitakuwa nimemdanganya mtu aliyenipa urithi wa baba yake. Nikibaki kwa haya tu, nahofia nitaichukia nakshi. Siku nyingine nawaza niache ualimu nikae pale pale karakana, angalau niwe nimemaliza kitu kimoja maishani. Au mke wangu amesema kweli, nina kasoro? Nishauri, tafadhali.

Mwalimu wa Sanaa, Lamu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu kwa ajili ya kile kiatu cha kushoto. Sikucheki wewe. Kabatini mwangu mna mkanda wa kofia usio na juu, niliuanza nikiwa na mimba ya kifungua mimba wangu, na huyo kifungua mimba sasa ni baba wa watoto wawili. Kwa hiyo anayekujibu si mtu mwenye mikono safi.

Nikikuelewa vyema, una furaha moja na watu wawili, na watu hao umewaona kama wanaidai furaha yako kila mmoja kwa njia yake. Mzee anataka ikae mahali pamoja. Mkeo, kwa unavyomsoma, anaona si furaha bali ni kukimbia. Nawe katikati umeanza kujiuliza kama u mgonjwa. Neno "ugonjwa" umelitumia wewe mwenyewe, hakuna mwingine aliyekuita hivyo.

Nianze na hilo. Umeandika kana kwamba kazi ya mkono ina milango miwili tu: uimiliki mpaka kufa, au umeisaliti. Nani alikuambia? Lamu hiyo hiyo unayokaa ilikuwa na Muhamadi Kijumwa, aliyefariki mwaka 1945. Alitunga mashairi, alinakili miswada kwa khati ya Kiarabu, alichonga mbao, alikuwa mtu wa muziki. Kama kuna waliomwambia achague moja, hakuwasikiliza. Lakini simtaji ili ukamshinde naye mkeo likizo ijayo, maana ataweza kukujibu kwamba miswada ya Kijumwa iliwafikia wenyewe.

Tena wewe si fundi anayehangaika na kazi tano. Wewe ni mwalimu wa sanaa. Yule mtoto wa kike aliyekuambia unaruka jani asingesogea kama ungekuja na mkeka uliokamilika, umenyooka kama wa dukani. Alisogea kwa sababu ulikuwa umekosea jambo analolijua yeye. Kwa hiyo ule ukili uliopinda ulikuwa umekamilika, Mwalimu. Ulikuwa kifaa cha kufundishia na ulifanya kazi yake. Ni mangapi mengine ndani ya gunia lile ambayo yalishamaliza kazi yake darasani, nawe unayahesabu kuwa deni? Ukipata jioni moja, lifungue, uyatenge.

Baadhi yatabaki, hata hivyo, na hapo naomba tukae kidogo.

Nimejaribu kutazama ni wapi hasa unasimama kila mara. Mkeo amesema unapenda kuanza, lakini mtu anayependa kuanza tu hashoni tundu za kofia miezi minne. Huo si mwanzo tena. Ule ugeni wenye utamu, pale mkono unapojifunza jambo jipya kila siku, kwenye kofia huisha mapema sana; baada ya hapo ni tundu lile lile na uzi ule ule. Wewe ulivuka hapo. Ulisimama kwenye kipande cha juu, yaani pale ambapo kofia ingekuwa kofia, ikavaliwa na mtu, ikaenda naye msikitini Ijumaa watu wakaitazama. Kiatu nacho hivyo hivyo. Cha kwanza hakina cha kulinganishwa nacho, kinaweza kuwa kama kilivyo. Cha pili lazima kifanane na cha kwanza, na hapo ndipo kila mtu anaona. Jiko limesimama kwenye linta, kabla ya paa. Na patasi ya babake mzee umeifunga siku ile ile ulipotambulishwa mbele ya watu.

Je, yawezekana kinachokuondoa si uchovu wa kazi ya zamani wala mvuto wa mpya, bali ni kuogopa kuhukumiwa? Sijui, mimi nina barua tu. Inawezekana pia nimeunganisha mambo yasiyohusiana. Jiko la nje mara nyingi husimama kwa sababu ya bei ya mabati. Lakini lipime. Kama ni uchovu, kwenda kwenye chokaa kutakupa pumzi mpya na hakuna ubaya. Kama ni hofu, chokaa itakupa mwaka mmoja wa amani, kisha utafika kwenye kidaka chenyewe ndani ya sebule ya mtu. Na chokaa, wewe umeiona mwenyewe, haikuruhusu kuweka chini ya kitanda: inakatwa ikiwa mbichi, ikishakauka imekauka na ulichokata.

Sasa mzee. Umeniandikia kuwa amekufanya mrithi. Mimi nimesoma alichosema: "Huyu ndiye atakayekaa hapa." Barazani, mbele ya wenzake. Mwanangu, maneno ya wazee barazani yana wasikilizaji wengi. Yawezekana alikuwa akikuambia wewe. Yawezekana alikuwa akiwaambia wenzake wasimhurumie, kwamba karakana haijafa. Yawezekana alikuwa akituma salamu Mombasa na Ghuba, akijua zitafika kabla ya isha, wanawe wasikie kuwa kiti kinakaliwa na mwana wa watu. Hukumuuliza, na kwa mila zetu naelewa kwa nini. Lakini umebeba miezi mitatu ahadi ambayo hujajua kama uliombwa.

Na kuna jambo ambalo limenishangaza kuliko yote. Katika barua nzima, mzee ana ukungu machoni, anachonga kwa kupapasa, na hakuna hata mstari mmoja unaosema amekwenda kuonwa. Mimi si daktari na wala sijamwona. Lakini kama ni mtoto wa jicho, huondolewa kwa upasuaji mfupi na kuwekwa lenzi mpya, na wengi hurudi kazini. Kama ni presha ya macho, hilo ni jambo jingine, kwa sababu kilichopotea hakirudi, na kila mwezi wa kungoja una gharama yake. Isije ikawa sote tunamtafutia mrithi mtu anayehitaji daktari wa macho. Wanawe, hata kama hawashiki patasi, huenda wakashika simu na nauli wakielezwa.

Hilo likishajulikana, ndipo mengine yatajionyesha ukubwa wake. Unaweza kumwambia ukweli. Ukichagua hivyo, zingatia wakati: sasa kuna ubao nusu kwa nusu na tarehe ya watu. Ukimwambia leo, atapata nafasi ya kujipanga lakini huenda mkono wake ukalegea katikati ya kazi. Ukingoja ubao utundikwe, mtazungumza mkiwa na kitu mlichokimaliza pamoja, ila kila Jumamosi mpaka wakati huo utakuwa umekaa na neno kooni. Anaweza kuumia. Anaweza kuitaka patasi yake. Anaweza pia kucheka na kukuambia alijua tangu siku ya kwanza, maana mtu aliyekunolesha majuma matatu amekusoma kuliko unavyodhani.

Unaweza kupungua polepole: Jumamosi moja homa, nyingine mitihani. Wengi hufanya hivyo, na siwalaumu. Lakini Lamu ni vichochoro, Mwalimu. Punda wawili wakikutana mmoja hurudi nyuma. Utamkuta.

Unaweza kubaki. Umesema unaogopa kuichukia nakshi ukibaki kwa haya. Huenda. Ila haya na shukrani hukaa chumba kimoja, na mara nyingine mtu huanza kwa moja akajikuta kwa nyingine. Wala hujasema kwamba waridi limekuchosha. Ulichosema ni kuwa chokaa imekuvutia. Si kitu kimoja.

Kuacha ualimu nimekuona umeliandika mwishoni, haraka, kama mtu anayetupa kitu mezani na kugeuka. Nami nitalipitia haraka. Una watoto watatu na mshahara unaofika mwezi ukiisha. Karakana inategemea wageni na wenye kujenga. Wazee wa hapo watakusimulia mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, na tena 2020 wakati wa korona, wageni walivyoadimika na vibao kukaa dukani vikikusanya vumbi. Kwa upande mwingine, tangu mji wa kale uingie kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, nyumba za kale zina macho mengi juu yake, na mikono inayojua nakshi na chokaa inahitajika. Watu wanaishi kwa kazi hiyo. Ila sikusikia katika barua yako kwamba unataka kuishi kwayo. Nilisikia kwamba unataka kuwa umemaliza kitu. Hicho chaweza kupatikana kwa bei ndogo kuliko pensheni.

Na kumbuka, hata ukiapa leo kuwa utakaa pale, mwajiri wako anaweza kukuletea barua ya uhamisho mwezi ujao uende bara. Mzee anajua hilo? Pengine mrithi wa karakana ni bora awe mtu asiyehamishwa. Mtaala wa umilisi unawataka watoto washike vitu kwa mikono, na wewe una darasa zima la wana wa Lamu. Kuna walimu ambao wangefikiria kuwaleta wawili watatu karakana Jumamosi, au kumwomba mzee aje shuleni. Lina uzuri wake. Lina na hatari zake pia: patasi ni kali na wazazi wataulizia, mzee atahitaji kulipwa muda wake, si kupewa cheti na soda, na anaweza kuona umemtupia watoto ili wewe upate mlango wa kutokea. Ukilifikiria, jiulize kwanza kama ni kwa ajili yao au ni kwa ajili ya huo mlango.

Nimemweka mkeo mwisho, kama ulivyomweka wewe. Samahani, lakini hesabu mistari: mama mwenye nyumba ana aya nzima, mzee ana aya mbili, mtoto wa shule ana aya yake, mkeo ana sentensi mbili na mwiko. Umezichukua sentensi hizo kama hukumu juu ya sanaa. Mimi nilipozisoma, nilimwona mwanamke anayepika nje, juani, karibu na jiko ambalo mumewe aliahidi, akimtazama mumewe anashusha gunia. Hakukuona kwa wiki kadhaa. Huenda alichosema hakihusu makubadhi hata kidogo. Huenda alimaanisha: na mimi nimo katika ulivyovianza? Au huenda ni sufuria tu, kwa sababu sufuria mbili nazo ni pesa na wewe hukusema kama ulizilipa.

Amewahi kukuona ukichonga? Nauliza kwa sababu anachokiona yeye ni magunia. Hajaona lile waridi mzee alilolipitishia kidole gumba. Likizo moja angeweza kuja yeye na watoto Lamu badala ya wewe kwenda, akae pale karakana asubuhi moja, akutane na mzee. Mambo mawili yaweza kutokea: akaona kitu ambacho hukuweza kumweleza, au akaona mahali unapomaliza vitu, na akauliza kwa nini si nyumbani. Ujiandae kwa yote mawili. Kumwomba msamaha wa jiko hakuhitaji safari wala mtaji, ila msamaha huo kwa simu, bila tarehe ya mabati, atausikia kama mwanzo mwingine.

Niandikie baada ya Mfungo Sita, nami nijue ubao ulitundikwa na pande mbili zilifananaje, maana hapo ndipo wewe na mzee mtakuwa mmeshona kiatu cha kulia.

Na ile patasi, mwanangu, itoe kwenye nailoni leo usiku, kabla hujaamua lolote. Hewa ya Lamu ina chumvi, na nailoni hufungia unyevu ndani. Ukishaona madoa ya kahawia umechelewa. Ifute, ipake mafuta kidogo, hata ya cherehani yanatosha, uizungushie kitambaa kikavu cha pamba. Mpini usiupake kitu.